Kanda, roboti na volkano: vinara wa kutunza data

Anayekaa Kirolirwe, huku Masisi, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitshanga, ana majirani wawili wenye rekodi. Nyamulagira hulipuka mara nyingi kuliko volkano zote za Afrika. Nyiragongo nayo, Januari 1977, ilitema lava iliyokimbia karibu kilomita 60 kwa saa, na hadi leo inatajwa kuwa lava yenye kasi kuliko zote. Mwaka 2002 ikapita katikati ya Goma. Kompyuta iliyokuwa njiani haikuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo vinara wa bakapu tuwapime kwa macho ya huku.

Mkongwe: UNISERVO ya mwaka 1951, deki (mashine ya kusoma na kuandika kanda) ya kompyuta ya UNIVAC. Kanda yake ilikuwa ya metali, si ya plastiki.

Roboti aliyefungua njia: StorageTek 4400, mwaka 1987. Ghala lenye pande 12, mkono wa mashine katikati, kanda 6,000 hivi ukutani. Zote kwa pamoja zilibeba terabaiti 1.2. Kanda moja ya LTO-9 ya mwaka 2021 inabeba 18. IBM ikaja na ya terabaiti 50 mwaka 2023.

Uokoaji maarufu: Gmail, Februari 2011. Kasoro ya programu ilifuta barua za maelfu ya watu, na nakala zilizokuwa kwenye diski zikafutika nazo. Google ikazirudisha kutoka kwenye kanda, kwa sababu kanda iliyotolewa kwenye deki haifikiwi na kasoro ya aina hiyo.

Kumbukumbu nzito kuliko zote kwetu, kwa maoni yangu, ziko Lakilaki, Arusha, zinakotunzwa nyaraka na rekodi za video za mahakama iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Sasa msumbufu wa wote: kuiunganisha programu ya bakapu na maktaba ya kanda, yaani ghala lenye roboti na deki zake, kupitia mtandao wa faiba. Hakuna anayempa kombe, lakini ndiye anayekesha na mafundi. Seva haioni maktaba kama kitu kimoja. Inaona roboti upande mmoja na deki upande mwingine, kila kimoja kivyake. Fundi ndiye anayeiambia programu kuwa deki ya kwanza ya roboti ndiyo ile ambayo Linux inaiita nst0. Seva ikizimwa na kuwashwa, majina yanaweza kubadilishana. Hapo roboti anaweka kanda kwenye deki moja, programu inasubiri kwenye nyingine, na kosa linalotokea ni kwamba deki ni tupu. Dawa ni kuzitambua deki kwa namba zao za kiwandani.

Kibaya zaidi ni seva mbili kuiona deki moja bila makubaliano. Moja inaandika, nyingine inarudisha kanda mwanzo, na bakapu ya usiku kucha inaharibika bila kelele. Ndiyo maana swichi ya faiba lazima ielezwe seva ipi ione deki ipi, kabla ya kazi yoyote kuanza.

Wewe unayetunza orodha ya wagonjwa au hati za mashamba hapa Masisi, huhitaji roboti. Nunua diski mbili, moja ikae mji mwingine, na kila mwezi fungua faili moja kutoka kwenye hiyo ya mbali uone kama bado linasomeka.