Kibomba cha Kongosho na Siku ya Kukitoa
Kongosho likishikwa na uvimbe, mara nyingi kwa vijiwe vya nyongo au pombe, huweza kuacha mfuko wa maji au usaha nyuma ya tumbo la chakula. Zamani dawa ilikuwa kupasuliwa. Siku hizi daktari hupitisha kinywani mpira wenye taa na chombo cha mawimbi ya sauti, akauona mfuko kupitia ukuta wa tumbo, akatoboa, akaweka kibomba. Uchafu ukamwagikia tumboni.

Sisi wa viwandani tukitazame kibomba chenyewe. Si chuma cha kawaida: ni nikeli na titani, mchanganyiko wa mwaka 1959 kutoka maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani. Hukunjwa ndani ya mrija, na kikiachiwa hurudia umbo lake, kama rili ya uzi, kipana ncha zote mbili.

Lakini hakikai moja kwa moja. Kwa kawaida hutolewa baada ya wiki 3 au 4. Kikisahauliwa huweza kuchubua mshipa, damu ikamwagika. Na hapo ndipo penye ugomvi: mtu amepata nafuu, yuko kazini, msimamizi anamnyima ruhusa ya kurudi hospitali. Tunataka siku hiyo iandikwe kwenye cheti cha daktari tangu mwanzo, na ilipwe.