Kūmara: Safari ya Jina

Methali ya Wamaori wa Nyuzilandi yasema kwamba kiazi kitamu hakisimulii utamu wake. Jina lake, kūmara, ndilo lisimulialo mengi. Nduguze ni ʻuala la Hawaii na ʻumala la Samoa. Lakini asili ya mmea wenyewe ni Amerika, na Kikechua cha milima ya Andes nacho kina neno kumar kwa maana hiyohiyo. Mwaka 2018 watafiti wa vinasaba walidai kwamba mmea huu ulivuka Pasifiki kabla ya mwanadamu. Yamkini mbegu huelea, jina halielei. Huko Nyuzilandi baridi iliwalazimu Wamaori kuhifadhi viazi katika mashimo yaitwayo rua. Kilimo chake kilikuwa chini ya mungu Rongo, na nyota Whānui ilipochomoza, mavuno yalianza.