M54.5: Msimbo Uliogawanywa Sehemu Tatu

Hadi tarehe 30 Septemba 2021, mtu aliyekwenda hospitali nchini Marekani akilalamikia kiuno aliweza kutoka na msimbo mmoja mpana: M54.5, maumivu ya mgongo wa chini. Dereva wa lori aliyeanza kuumwa jana na bibi mwenye maumivu ya miaka kumi waliwekwa kapu moja. Kesho yake msimbo huo ukawa batili kwenye madai ya bima, kwa sababu sasa ilitakiwa tarakimu moja zaidi. M54.50 ni ya maumivu yasiyofafanuliwa, M54.51 ni ya maumivu yanayotoka kwenye pingili yenyewe ya uti wa mgongo, na M54.59 ni ya mengineyo.

Tarakimu hiyo ya mwisho inaonekana kama kazi ya makarani tu. Kwa kweli imebeba mjadala mrefu kuhusu mahali maumivu yanapozaliwa.

Mwaka 1934 Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walieleza jinsi diski iliyochomoza kati ya pingili inavyobana neva na kusababisha maumivu yanayoshuka mguuni. Tangu hapo diski ikawa mshukiwa mkuu wa kila kiuno kinachouma, hata pale ambapo mguu haukuwa na shida yoyote. Mwaka 1988 Michael Modic na wenzake wakaeleza jambo jingine walilolisoma kwenye picha za MRI: uboho ulio jirani na bamba la mwisho wa pingili, pale pingili inapokutana na diski, hubadilika. Katika aina ya kwanza huvimba, dalili ya uchochezi. Katika aina ya pili hugeuka mafuta. Na mfupa huo una neva yake. Huingilia tundu lililo nyuma ya pingili, ikafika katikati, kisha ikatawanyika kuelekea bamba la juu na la chini. Bamba likiharibika, neva hiyo hupeleka taarifa ya maumivu.

Wapo madaktari wanaoiunguza neva hiyo kwa joto la mawimbi ya redio, na tiba hiyo ilipata misimbo yake ya malipo Marekani Januari 2022. Lakini ili kujua inamfaa nani, watafiti wanahitaji kuwapata wagonjwa wa aina hiyo ndani ya mamilioni ya mafaili. Wote wakiwa wamefichwa chini ya M54.5, hawapatikani. Hiyo ndiyo kazi ya M54.51. Oktoba 2024 misimbo ya diski zilizochakaa nayo ikachambuliwa vivyo hivyo: mgongo pekee, mguu pekee, au vyote viwili.

Na wanaohesabiwa si wachache. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na inakadiriwa watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowanyima watu uwezo wa kufanya shughuli zao kwa kiwango hicho.

Msimbo, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kubeba kisichoandikwa. Anayeuchagua mara nyingi hamuoni mgonjwa. Anayaona maandishi, na haruhusiwi kukisia. Kwa kanuni za Marekani, daktari wa wagonjwa wa nje akiandika “huenda ni” au “nashuku”, ugonjwa huo hauwekewi msimbo kana kwamba umethibitishwa. Kinachobaki ni dalili. Kwa hiyo mstari usemao “maumivu ya mgongo, apewe diklofenaki” hauna pa kwenda zaidi ya msimbo wa jumla. Maelezo yenye thamani hutaja muda, mahali hasa, maumivu yanaposhuka, kinachoyazidisha, nguvu ya miguu. Hutaja pia kisichokuwepo. “Hakuna ganzi kati ya mapaja, mkojo unatoka kama kawaida” ni sentensi fupi, lakini mgonjwa akirudi baada ya siku tatu akiwa hawezi kukojoa, yeyote atakayefungua faili atajua kuwa hilo ni jipya na ni la dharura.

Hata hivyo, usahihi wa kulazimisha ni hatari kuliko ujumla wa kweli. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote, asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 tayari diski zao zimechakaa, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mtu akipigwa picha kwa sababu kiuno kinamuuma, uchakavu huo utaonekana, na kuupa lawama pamoja na msimbo ni rahisi mno. Kisha mtu anaishi akiamini mgongo wake umeoza, anaacha kuinama, anaacha kutembea. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 90 ya maumivu haya hayana chanzo mahususi kinachoweza kutajwa kwa uhakika. Daktari anayeandika hivyo kwa ukweli hajashindwa kazi.

Afrika Mashariki kosa tunalopaswa kuliogopa zaidi liko upande wa pili. Kifua kikuu (TB) hushambulia pia uti wa mgongo. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, unapewa misimbo miwili kwa pamoja, A18.0 kwa maambukizi na M49.0 kwa pingili zilizoliwa. Mgonjwa wake akiandikwa “maumivu ya mgongo” tu, anaondoka na vidonge vya kutuliza, na kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, anatoweka katika hesabu ya TB.

Zahanati isiyo na MRI haiwezi kuthibitisha maumivu ya aina ya M54.51, wala haipaswi kuyaandika. Inaweza kuandika kwamba maumivu yana miezi minne, kwamba kuna homa za jioni na jasho la usiku, kwamba nguo zinampwaya, kwamba pingili moja imetokeza na inauma ikigongwa kwa vidole. Maelezo hayo hayahitaji mashine, na yanatosha kumpa rufaa leo hii akapigwe picha na kupimwa TB kabla miguu haijapooza.