Ghala la Nyumbani kwa Asiyekula Ngano

Nina mgonjwa mmoja ambaye ni mpishi huko Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, Lamu. Kwa miaka 4 alikuwa akiharisha, akikonda na kupungukiwa damu. Alitibiwa amiba, akatibiwa homa ya matumbo, akameza dawa za minyoo zisizo na idadi. Mwishowe kipimo cha damu na kipande kidogo cha utumbo kilichotazamwa kwa hadubini vilionyesha kwamba adui alikuwa mahamri na chapati alizokula kila asubuhi.

Ugonjwa huu huitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Mwili wa mgonjwa huiona protini hii kama adui, na katika vita hivyo hujiharibia utumbo wake mwembamba, ambao hushindwa kufyonza chakula. Daktari Mholanzi Willem Dicke ndiye aliyethibitisha kwamba ngano ndiyo chanzo. Wakati wa njaa kuu ya Uholanzi ya 1944 na 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye maradhi haya, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu. Inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 100 duniani anao, na wengi hawajui. Lakini tafadhali, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha, vipimo vinaweza kuonyesha kwamba huna neno.

Hakuna dawa isipokuwa kuacha nafaka hizo 3 maisha yote. Kwa mtu wa pwani si adhabu kubwa kama inavyodhaniwa. Wali, mkate wa kumimina, vitumbua, mofa ya mtama, muhogo, viazi vitamu, kunde na samaki havina gluteni. Shida ni kuvipata kila siku. Ras Kitau huletewa vitu kwa mashua, na kusi likivuma bahari huchafuka. Mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024, mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Duka likiishiwa mchele, jirani atakula mkate. Mgonjwa wetu atakula nini?

Ndiyo maana nilimshauri aweke akiba ya miezi 3. Hesabu yake ni rahisi. Mgao wa kawaida wa chakula cha msaada ni gramu 400 za nafaka na gramu 60 za kunde kwa mtu kwa siku. Kwa miezi 3 hizo ni kilo 36 za nafaka na zaidi kidogo ya kilo 5 za kunde, choroko au mbaazi.

Alinunua kwa bidii, lakini alinunua unga. Hapo ndipo tulipokosea sote wawili, maana sikumweleza. Unga wa mtama na hasa wa mawele huchacha upesi kwa sababu mafuta ya punje yamekwisha kukutana na hewa. Weka punje nzima, usage kidogo kidogo. Mchele mweupe ndio mvumilivu kuliko vyote. Ule wa rangi ya kahawia haukai sana.

Baada ya masika mkewe alifungua gunia la mahindi akakuta ukungu wa kijani. Akanipigia simu: "Daktari, si niyaoshe tu niyaanike?" Nilimwambia ayatupe, na wala asiwape kuku. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiondoki kwa maji wala kwa moto wa jikoni. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu.

Basi, kabla ya kufunga akiba yako, pima unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi theluthi, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15, na hizo punje zirudi juani. (Chumvi yetu ya pwani huwa na maji yenyewe, kwa hiyo ikaange kwanza.) Mahindi yafaa yasizidi asilimia 13.5. Yakikauka, yatie katika mfuko usiopitisha hewa au ndoo yenye kifuniko cha kukaza. Fukusi watakufa kwa kukosa pumzi. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, andika tarehe, na cha zamani kitangulie kuliwa.

Miezi michache baadaye tumbo likaanza tena. Tulihoji kila kitu hadi tukafika kwenye mashine ya kusagia. Mtama wake ulisagwa mara tu baada ya ngano ya mtu mwingine! Kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 20 za gluteni kwa kilo ya chakula, na robo gramu ya unga wa ngano hutosha kukivuka. Siku hizi mkewe anatwanga kwa kinu chake mwenyewe, na ana chekeche na upawa ambavyo havigusi unga wa ngano. Wewe wa mjini unaponunua unga wa uji uliochanganywa, soma karatasi yake. Mara nyingi utakuta ngano au shayiri humo.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa paketi uongezwe madini ya chuma na vitamini. Anayetwanga nafaka yake hazipati, na utumbo wake tayari ni dhaifu. Kwa hiyo kunde na dagaa zisikose katika ghala hilo, na damu ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Bwana yule tulimpima mwezi uliopita. Uzito umeongezeka kilo 9, lakini damu bado iko chini kidogo, na nimemwongezea vidonge vya madini ya chuma kwa miezi 3.