Yeremia 29 Yote, Si Mstari wa 11 Pekee

Nenda kwenye mahafali yoyote ya chuo, soma kadi za pongezi, kisha hesabu ni ngapi zimeandikwa Yeremia 29:11. Mstari huo unasema Mungu anawawazia watu wake mema, na kwamba mwisho wao una tumaini. Kijana anayezunguka na bahasha ya vyeti akitafuta kazi huushika kana kwamba uliandikwa kwa jina lake. Simnyang'anyi mtu mstari huo. Namwomba tu aanze mwanzo wa sura, maana ile ni barua, na barua haisomwi kuanzia katikati.

Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuteka Yerusalemu. Safari hiyo hakuubomoa, alichukua watu. Walikwenda uhamishoni mfalme Yekonia, mama yake, wakuu wa nchi, pamoja na mafundi na wahunzi. Yeremia alibaki nyumbani, akawaandikia. Barua ilibebwa na Elasa na Gemaria, wajumbe ambao mfalme mpya, Sedekia, alikuwa akiwatuma Babeli.

Wahamishwa walikuwa wakisubiri kurudi, na manabii wa kuwaambia kwamba ni karibu hawakukosekana. Sura ya 28 inamtaja Hanania, aliyetangaza hekaluni kwamba kabla ya miaka 2 kwisha kila kitu kingerudi: vyombo vya hekalu, mfalme na mateka wote. Akaivua shingoni mwa Yeremia nira aliyoivaa kama ishara ya kutii Babeli, akaivunja watu wakiona. Mahubiri ya namna hiyo hata leo yangejaza uwanja. Linalonigusa zaidi ni kwamba Yeremia alimjibu kwanza kwa Amina. Naye alitamani iwe kweli.

Barua yake ilisema miaka 70. Piga hesabu: aliyehamishwa akiwa na miaka 30 asingeuona mwisho huo kwa macho yake. Kwa hiyo ahadi ya mstari wa 11 ilipewa jamii nzima, na wengi walioisikia ikisomwa walijua kwamba watakaoifaidi ni wajukuu. Hapo ndipo tafsiri yetu ya kadi za mahafali inapopwaya.

Sasa waishije katika miaka hiyo 70? Maagizo yenyewe yanatangulia ahadi, na ni ya kawaida kabisa: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe, waozeshe watoto wao, waongezeke. Kisha linakuja gumu kuliko yote: wautakie amani mji uliowateka, na wauombee. Ukifikiri kwamba waliipokea barua hiyo kwa shangwe, soma mwisho wa sura. Shemaya, mmoja wa wahamishwa, aliandika Yerusalemu akilalamika kwa nini Yeremia hajatiwa mkatale.

Mabamba ya udongo yametuonyesha sehemu ya maisha hayo. Katika jumba la kifalme la Babeli yalipatikana maandishi ya posho, moja likiwa la mwaka 592 KK, yanayomtaja Yekonia na wanawe wakipewa mafuta. Mengine, yaliyochapishwa kwa wingi mwaka 2014, yanahusu kijiji cha Al-Yahudu, yaani Mji wa Yuda. Humo wakulima wenye majina ya Kiebrania wanakodi mashamba, wanadaiwa shayiri na tende, wanalipa kodi, wanarithishana mali. Ukoo wa mkulima mmoja, Ahikamu, unafuatika kwa vizazi kadhaa, na majina mengi ya jamaa zake bado yanabeba jina la Mungu wa Israeli.

Nasema haya kwa sababu neno "kusudi" limekuwa mzigo makanisani mwetu. Vijana hufundishwa kwamba kusudi ni siri iliyofichwa, ifunuliwe kwa semina au kwa mtumishi mwenye upako, na mpaka ifunuliwe maisha hayajaanza. Biblia ina watu walioitwa kwa sauti, Ibrahimu na Musa wakiwamo, wala sipunguzi neno hapo. Lakini ni wachache. Wengine wote wanafanana zaidi na waliopokea barua hii: hawakuchagua mahali walipo, hawajui watatoka lini, na wameandikiwa kazi ya leo. Maombi yamo pia, mstari wa 12 na wa 13 inahimiza kumtafuta Mungu kwa moyo wote, ila barua haisemi bustani isubiri maombi yajibiwe.

Mwaka 539 KK Koreshi wa Uajemi aliitwaa Babeli, akawaruhusu Wayahudi kurudi. Wengine walirudi pamoja na Zerubabeli. Wengine hawakurudi, na hati za Al-Yahudu na jirani zake zinaendelea hadi 477 KK. Wapo wahubiri wanaowaita hao waliobaki watu waliopoteza kusudi lao. Mimi nasita, kwa kuwa waliyokuwa wakiyafanya kule ndiyo waliyoandikiwa babu zao.