Rula ya mwanga

Mama mjamzito akipakwa jeli tumboni, iwe Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe au Kasese mjini, kichwa cha mashine ya altrasaundi hutetema takriban mara milioni tatu na nusu kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia mitetemo 20,000, kwa hiyo hasikii kitu. Watu wa huku Rwenzori wanaijua ardhi inavyotikisika, tangu tetemeko la 1966 hadi lile la 1994, lakini mtikisiko huu ni mdogo ajabu: chembe za maji mbele ya kichwa hicho husogea nanomita chache tu. Unywele mmoja una unene wa nanomita 70,000 hivi.

Hadubini ya kawaida haiwezi kuuona mtikisiko huo, kwani hukwama penye ukubwa wa wimbi la mwanga. Wataalamu wakaligeuza wimbi hilo hilo kuwa rula.

Boti mbili zikipishana katika mfereji wa Kazinga, mawimbi yake hukutana. Kilele kikikuta kilele, maji huinuka. Kikikuta bonde, hutulia. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Mwaka 1881 Albert Michelson aliugawa mwali mmoja, akaipeleka miali miwili kwenye vioo viwili, kisha akaikutanisha tena. Kifaa chake huitwa intaferomita. Siku hizi hutumika leza nyekundu yenye wimbi la nanomita 633, na kioo kimoja hubadilishwa na utando mwembamba uliolazwa juu ya maji yanayotetemeshwa. Utando ukisogea nanomita 158, mwanga mkali hugeuka giza.

Nanomita chache basi zitaonekanaje? Mkulima wa miteremko ya Rwenzori anajua: kileleni hatua moja haikushushi sana, lakini katikati ya mteremko kila hatua ina uzito. Kifaa hushikiliwa hapo katikati, kati ya mwanga na giza. Mtikisiko wa polepole, kama wa lori lipitalo, hufutwa kwa kukisogeza kioo cha pili. Ule wa mamilioni kwa sekunde hubaki.

Maabara za vipimo kama NPL ya Uingereza husahihisha hivyo maikrofoni za majini, nazo hutumika kupima nguvu za mashine za hospitali. Vipimo hivyo ndivyo asili ya alama TI (kielezo cha joto) na MI (kielezo cha athari za mtikisiko) kwenye skrini. TI ikipanda, mwili waweza kupata joto. Mpimaji hupunguza nguvu au hufupisha muda.