Ndoa Yangu na Twiga wa Angani

Shosti zangu wa Dar huwa hawachoki kuniuliza swali moja kila tukikutana saluni: "Hivi wewe na mumeo mnaishije?" Wana haki ya kuuliza. Mimi nipo Tabata na kazi yangu ya ofisini. Baba Koku yupo Kamachumu, Wilaya ya Muleba, anashika vitabu vya hesabu vya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mtoto wetu analelewa na mama mkwe hapo hapo Kamachumu. Miaka tisa ya ndoa, na kati yetu zaidi ya kilomita 1,300.

Tunaishi kwa tiketi, huwa nawajibu. Tuna kibubu tulichokipa jina la "mfuko wa ndege". Kila mwezi mimi natia changu na yeye anatia chake, na mkwanja ukitimia mmoja wetu anapanda. Si hela ndogo, jamani. Kwa nauli ya kwenda na kurudi, pale Muleba unarudi na mbuzi kadhaa na chenji ya sukari.

Mtu ambaye hajatoka kwetu hawezi kuelewa ndege ni nini kwa mtu wa Bukoba. (Najua, najua. Mnasema sisi akina nshomile tunapenda kujidai kwa kila kitu. Nisikilizeni kwanza.) Kuna wakati barabara za ndani zilikuwa mbovu kiasi kwamba basi la kutoka Dar lilipitia Nairobi, likaingia Kampala, ndipo likarudi nchini kwa mpaka wa Mutukula. Yaani unavuka nchi mbili ili ufike kwenu! Njia nyingine ilikuwa meli kutoka Mwanza, na Mei 21, 1996 MV Bukoba ikazama na mamia ya watu wetu. Hakuna ukoo wa upande ule usiokuwa na jina la kutaja siku hiyo. Baada ya hapo, mtu akisema "nitakuja kwa ndege" mama yake alilala usingizi.

Marehemu baba yangu alikuwa na mapenzi ya ajabu na ndege. Alitusimulia habari za Dakota za East African Airways, shirika lililoanzishwa mwaka 1946 likihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na shirika nalo likafa, wakubwa wakigombana nani anadaiwa nini. Machi mwaka huo huo Tanzania ikaanzisha lake, Air Tanzania, likiwa na twiga kama nembo yake. Baba alisema talaka ile ilitufundisha kitu, kwamba mali ya ushirika ukiiacha bila kuandikiana vizuri, siku ya kuachana kila mtu anakimbilia godoro.

Kwa bahati mbaya hatukujifunza. Twiga huyu ameolewa mara kadhaa. Miaka ya tisini aliingia kwenye ubia wa Alliance na Uganda pamoja na Afrika Kusini, nao ukaishia mwaka 2000. Desemba 2002 akaposwa tena. South African Airways wakachukua asilimia 49 kwa dola milioni 20. Sherehe, rangi mpya, matumaini. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika na serikali ikazinunua tena hisa zile kwa dola milioni 1 tu. Nilipomsomea Baba Koku hiyo habari alicheka mpaka akakohoa. "Mahari milioni ishirini, talaka milioni moja. Huyo bibi harusi aliliwa nini humo ndani?"

Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ikamnyang'anya cheti cha kurusha ndege. Alirudi angani mwaka uliofuata, lakini kwa kuchechemea, na ilipofika mwaka 2015 alikuwa amebakiwa na ndege moja. Moja! Shirika la taifa zima.

Hapo ndipo hadithi yangu mimi inapoingia. Septemba 2016 serikali ya Rais Magufuli ilileta Bombardier Q400 mbili mpya zenye viti 76 kila moja, zikinunuliwa kwa pesa taslimu. Watu waliziponda, mnakumbuka? "Pangaboi hizo!" Wenye kuponda hawakuwa watu wa Bukoba. Uwanja wetu ni mfupi, umebanwa na mji upande mmoja na ziwa upande mwingine, na jeti kubwa haina pa kukimbilia pale. Pangaboi ndiyo inayotufaa. Bukoba ikaingia kwenye ratiba, na mimi na Baba Koku, tuliokuwa wachumba wa simu, tukaanza kuonana. Tukafunga ndoa. Nikimaliza kazi Ijumaa nakwenda uwanja wa ndege, tunatua kwanza Mwanza, tunavuka ziwa, na kabla ya giza niko kwenye Hiace naelekea Muhutwe.

Basi bwana, kumpenda mtu wa hesabu kuna kazi yake. Mimi nilikuwa nahesabu siku, mwenzangu anahesabu hasara. Ndege zikawa zinaongezeka: Dreamliner yenye viti 262 mwaka 2018, Airbus A220, ndege ya mizigo na Boeing 737 MAX mwaka 2023. Kila ikitua moja mimi nashangilia mbele ya televisheni, na yeye ananipigia simu na swali. Ya nani hiyo? Maana kumbe ndege hizo mwenyewe hasa ni Wakala wa Ndege za Serikali, na Air Tanzania ni mpangaji. Ndiyo maana Agosti 2019 Airbus ilizuiliwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyekuwa akiidai serikali fidia ya ardhi. Hakuwa na ugomvi na abiria wala rubani. Ni sawa na wewe kunyang'anywa baiskeli uliyoazima kwa sababu mwenye baiskeli ana deni dukani.

Na mpangaji analipa kodi hata mwezi ambao hajauza kitu. Baba Koku alinieleza hivi: ndege inaingiza hela ikiwa angani tu. Ikiwa chini inakula. Mafuta, vipuri na matengenezo yanafuata bei ya dola, lakini abiria wa Bukoba analipa shilingi. Safari fupi fupi za kutua na kupaa zinachosha injini. Halafu injini zenyewe za Airbus zikaleta matatizo yaliyozikumba ndege za aina hiyo duniani kote, na mwishoni mwa 2022 baadhi ya zetu zikawekwa chini. Ripoti ya CAG ikaonyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23. Mwaka uliofuata, bilioni 91.8. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukalipiga shirika marufuku katika anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukayafungia mashirika yote yaliyosajiliwa nchini. Hilo la Ulaya sikulilia sana, sikuwa na safari ya Paris. Lakini bilioni 91.8 zilinikaa kichwani.

Niseme pia kuhusu Novemba 6, 2022. Asubuhi hiyo ya Jumapili ATR ya Precision Air ikitokea Dar ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwa ndani. Wakafa 19, wakaokoka 24, wengi wakisaidiwa na wavuvi kama kijana Majaliwa Jackson waliowahi kwa mitumbwi. Baba Koku alinipigia kuniuliza niko wapi. Alijua fika sijasafiri. Tukakaa kwenye simu bila kusema neno, na kibubu hakikuguswa miezi minne.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuja baada ya hiyo ripoti ya bilioni 91.8. Nilikuwa likizo Kamachumu, nikalalamika kwamba mwezi ule hakuchangia mfuko. Akasema, "Mama Koku, unajua kile kiti unachokalia kinalipiwa na nani? Nauli yako haitoshi. Inayopungua anaijazia mkulima wa kahawa, kwa kodi ya sukari na sabuni anayonunua." Nikamwambia bila ndege hiyo asingekuwa na mke. Akajibu polepole, ndicho kilichoniuma: "Na sisi ni hivyo hivyo. Tunajisifu tumemudu ndoa ya mbali. Ruzuku yetu nani anaitoa?"

Tuligeuka wote wawili. Mama mkwe alikuwa uani anamenya matoke, Koku amejilaza mgongoni kwake. Miaka yote ile ya safari zetu ni yeye aliyeamka usiku mtoto akiwa na homa. Hajawahi kutudai hata kitenge. Na hajawahi kupanda ndege.

Nikaingia chumbani nikalia. Si kwa hasira, kwa aibu.

Mfuko ulipotimia, Baba Koku alisema zamu ile anapanda mama, na Koku pamoja naye. Nilikwenda kuwachukua mwenyewe. Pale uwanjani Bukoba mama alikuja na gauni lake la Krismasi, mkononi kapu la senene waliokaangwa. Ndege ilipokimbia kuelekea majini alinishika kiganja hadi kucha zikaniingia, akisema "waitu, waitu" chini chini. Juu ya mawingu akalegea. Mhudumu akapita, akampa maji na biskuti. Mama akaviangalia, akaniinamia sikioni.

"Hivi tunalipa?"

"Hapana mama, vimeshalipiwa."

"Na nani?"

Nikafungua mdomo kumjibu, rubani akatangaza tunaanza kushuka Mwanza.